Sentimita Nne za Makupa

Mvua ilikatika kabla ya adhana ya alfajiri. Mama mkubwa alifungua mlango wa uani, kopo la kutawadhia mkononi, akashusha mguu mmoja na kuurudisha juu upesi. Ua wote ulikuwa maji. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, ndara mbili za wajukuu zaelea karibu na choo, na kuku wake watatu walikuwa wamepanda juu ya meko. Saa nne ya asubuhi hiyo hiyo, jua limeshawaka, alikuwa akimlipa kijana wa mkokoteni pesa za mitungi sita ya maji, kwa sababu mfereji haukutoa tone tangu juzi yake. Kijana aliipitisha mitungi mmoja mmoja juu ya matofali tuliyoyapanga dimbwini.

“Maji nayaruka, maji nayanunua,” mama mkubwa akasema, akaingia ndani.

Msomaji wa bara asinielewe vibaya. Mombasa ukitaja mfereji, mtu huchukua ndoo: kwetu mfereji ni bomba. Njia ya kuondolea maji ya mvua tunaiita mtaro, na huo mtaro ndio uliokosekana kwa mama mkubwa, Makupa, kwa miaka isiyopungua ishirini.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Makupa na Majengo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko, choo na kisima. Nilipokuwa mdogo ua ule ulikuwa mchanga mtupu. Palikuwa na mpapai, palikuwa na mlimau karibu na kisima, na kila asubuhi ulifagiwa kwa fagio la chelewa hadi ukabaki na mistari kama daftari la mtoto. Mvua ikinyesha, maji yalituama kwa muda wa mtu kumaliza chai yake, kisha ardhi ikayanywa.

Halafu zikaja arusi. Ya kwanza, mjomba akapiga saruji nusu ya ua ili wapishi wapate pa kuweka masufuria. Ya pili, nusu iliyobaki. Mpapai na mlimau ikakatwa kwa sababu mizizi ilikuwa inapasua sakafu. Kikaongezwa kipenu cha mabati. Nyumba ya jirani ikavunjwa, pakasimama ghorofa nne na ukuta usio na ufa wa kupitishia hata chawa. Nje nako kichochoro kikamwagiwa kifusi, baadaye kikapigwa kabro, na kila kazi ilikiinua kidogo. Hakuna hata mmoja katika hao aliyetaka kutudhuru. Lakini ukitembea Makupa leo, angalia ni nyumba ngapi za zamani ambazo kuingia ndani ni kushuka. Zamani baraza zake zilikuwa juu ya njia. Sasa njia iko sawa na baraza, na ua uko chini ya vyote viwili.

Niliketi na kalamu nikapiga hesabu, maana watu husema “maji mengi” bila kujua ni mengi kiasi gani. Kanuni ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mama mkubwa lina mita 9 kwa 12, na nusu yake, yaani mita 54 za mraba, imeinamia uani. Ua una mita 7 kwa 6, ambazo ni 42. Ikinyesha milimita 40, mvua ambayo mwezi wa Mei haimshangazi mtu wa Mombasa, paa humwaga uani lita 2,160 na ua wenyewe hupokea lita 1,680. Jumla ni lita 3,840. Kwa mitungi ya lita 20 ambayo kijana wa mkokoteni huisukuma, hiyo ni mitungi 192. Mama mkubwa alikuwa amenunua sita.

Na hii si nchi kame. Mombasa hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Maji ya mferejini yanatoka mbali: bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, linayatoa kwenye chemchemi za Tsavo Magharibi na kuyasafirisha zaidi ya kilomita 200 kuja kwetu. Yale ya angani yanashuka juu ya mabati bure, nasi tunayapigania njia ya kuyafukuza.

Fundi tuliyemwita alikuja na chepe, sururu, kibunda cha uzi, na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wake kama mita kumi. Nilidhani ataanza kuchimba. Alianza kwa kujaza maji mpira ule, akaupigapiga kwa kidole mpaka viputo vyote vikatoka, akanipa ncha moja nishike kwenye mlango wa jiko, mwenyewe akaenda na ncha ya pili. Maji ndani ya mpira hutulia usawa mmoja kila upande, hata kama kati yenu kuna ukuta au kona. Kila alipofika alichora alama ya mkaa ukutani: penye jiko, penye choo, penye kisima, na penye lile tundu la ukutani ambalo tangu zamani tuliambiwa ndiyo njia ya maji kutoka. Kisha akapima kutoka kila alama kushuka chini kwa utepe.

Penye jiko, mita moja kamili. Penye choo, sentimita 102. Kwenye kona ya kisima, 104. Penye tundu la kutokea, mita moja kamili.

“Mama,” fundi akamwita mama mkubwa, “miaka yote hii mumeyaambia maji yapande.”

Tundu lilikuwa juu ya kona ya kisima kwa sentimita 4. Ua ule ambao sote tungeapa kuwa ni bapa kama meza ulikuwa sahani, na kila mvua ilijaza sahani kwanza ndipo tone la kwanza likafika tunduni. Kwa jicho huwezi kuona sentimita 4 katika mita 7. Miaka yote tulilaumu tundu kuwa dogo. Mwaka mmoja tukalipanua, tukashangaa kwamba hakuna kilichobadilika, isipokuwa panya walipata mlango mpana zaidi.

Kama kuna jambo moja ningependa mwenye nyumba alikate akaliweke ukutani, ni hilo la mpira wa maji. Mpira ni pesa kidogo, kazi ni nusu saa, na watu wawili wanatosha. Nimeona watu wamemwaga saruji mpya juu ya kuukuu kwa maelfu ya shilingi bila kupima, na dimbwi likahama tu kutoka kona hii kwenda ile. Kwa mmoja wao lilihamia chumbani.

“Basi yashushe, mwanangu,” mama mkubwa akamjibu fundi.

Kushusha kuna masharti yake. Sakafu ya saruji inataka mteremko usiopungua sentimita 1 kwa kila mita. Ardhi ya mchanga inataka 2, kwa sababu maji hukwama kwenye kila jani na kila kokoto. Kwa ua wa mita 7 hiyo ni sentimita 7 kwa uchache. Ukiziongeza upande wa jiko, unakaribia kizingiti, na mvua kubwa inaingia kupika nawe. Fundi akakataa kuongeza chochote. Alivunja ukanda wa saruji kandokando ya ukuta, upana wa futi moja, akachimba mtaro unaoteremka kwenda kona ya kisima, yaani kule kule ambako maji yalishachagua kwenda yenyewe. “Siyabishii,” akasema.

Ila kabla ya mtaro alitengeneza paa. Hapo tulibishana naye, maana tulimwita kwa ajili ya ua. Akatuonyesha mstari wa mashimo madogo chini ya upenu, pale matone yalipokuwa yakichimba saruji, na ukuta uliokuwa umebanduka plasta hadi usawa wa goti, chumvi nyeupe imechanua juu ya mawe. Maji ya upenuni yakipiga chini hurukia ukutani, na mawe yetu ya matumbawe huyafyonza kama sifongo. Zaidi ya nusu ya maji ya uani, kwa hesabu yangu ile ile, yalikuwa ya paa. Akafunga gata la mabati, akaliinamisha kidogo kuelekea pembeni, akaliunganisha na tangi la lita 2,300 lililokalia jukwaa la mawe. Mvua moja nzuri inalijaza karibu lote.

Mama mkubwa alitaka kuyanywa maji ya tangi mara tu yatakapoingia. Yangoje kidogo. Mvua ya mwanzo huosha vumbi la malori ya bandarini na kinyesi cha kunguru, na kunguru Mombasa hatuna uhaba nao. Yale ya dakika za kwanza yaachwe yapite, na yanayobaki ni ya kufulia, kuogea na kudekia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mdomo wa tangi ukazibwa kwa wavu. Paipu ya kumwaga yanayozidi ikaelekezwa mtaroni, jambo ambalo wengi husahau, kisha tangi linapojaa linawamwagia pale pale walipokimbia.

Wazee waliolijua jiwe hili la Mombasa hawakuyachezea maji ya mvua. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuna birika kubwa la wazi la kukusanyia maji ya mvua. Waarabu walipoishika walichimba kisima cha futi 76, wakapata maji ya chumvi yasiyofaa ila kuoshea. Mvua ndiyo iliyowanywesha. Ukienda Lamu, mitaro ya wazi bado inapita kandokando ya vichochoro, na mtu anaona kwa macho yake ikiwa imeziba na mbele ya mlango wa nani.

Sasa shimo. Kwenye kona ya kisima, mtaro ulipoishia, hapakuwa na pa kutokea ila kwenye msingi wa ghorofa ya jirani, na maji hayatupwi kwa jirani. Fundi akasema yaende chini. Kwanza alichimba kijishimo cha futi moja, akakijaza maji, yakaisha. Akakijaza tena, na mara hii ndipo akaangalia saa. Mara ya kwanza haihesabiwi, kwa kuwa udongo mkavu hunywa kama mtu aliyefungua saumu. Ndoo ya pili ndiyo inayosema kweli. Yetu iliisha kabla ya saa moja. Kama yangekaa hadi kesho yake, ushauri wa fundi ulikuwa tuhifadhi pesa zetu na tutafute njia ya kutokea barabarani.

Kisiwa hiki hakifanani kote. Upande wa Mji wa Kale sururu hugonga jiwe la matumbawe mapema, lenye vinyweleo na mashimo. Upande wetu wa magharibi kuna mchanga mwekundu, na mahali pengine tabaka la udongo wa mfinyanzi linaloshika maji kama bakuli. Sisi tulianza na sakafu, tukapata shubiri mbili za kifusi na vigae vya vyungu, kisha mchanga mwekundu, na chini yake jiwe laini la manjano lililokuwa likimomonyoka kwa ncha ya sururu. Fundi alipoliona akacheka.

Shimo likawa mita moja kwa mita moja, kina mita moja na robo kasoro kidogo. Likajazwa mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha kitambaa kizito cha kuzuia mchanga usijipenyeze, na changarawe juu kabisa. Mdomoni mwake kikawekwa kisanduku cha saruji chenye wavu, cha kunasa majani na mchanga, ambacho hufunuliwa na kusafishwa. Pasipo kisanduku hicho, shimo huziba baada ya misimu miwili au mitatu na hakuna wa kulifufua ila kulichimba upya.

Nikapiga hesabu tena, na safari hii ilinivunja moyo. Shimo la lita 1,200, likishajazwa mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi. Lita 400! Ua wetu unapokea 1,680. Ndipo nilipoelewa kwa nini fundi alianza na paa, na kwa nini aliziacha mita mbili za ua upande wa kisima bila kurudishia saruji, akamwaga changarawe na kumwambia mama mkubwa apande mlimau wake tena. Shimo si pipa la kuhifadhia. Ni mlango, na mlango mmoja hautoshi watu mia wakija kwa pamoja. Paa linapunguza umati, changarawe inafungua mlango wa pili, na yanayobaki yanangoja zamu yao mtaroni kwa saa moja au mbili.

Kuna mambo ya kuogopa. Shimo la aina hii likae mbali na msingi wa nyumba, angalau mita tatu ikiwezekana, la sivyo unanywesha ukuta wako mwenyewe. Lisikaribie choo cha shimo, kwa sababu mvua ikishajaza ardhi, choo nacho hupanda. Na kisima, kwa desturi za afya, hutakiwa kuwa mita 30 kutoka kwenye mashimo ya uchafu. Uani kwa mama mkubwa hata ukienda zigizaga hupati mita 30. Ndiyo maana kisima kile, kama vingi vya kisiwani vilivyozungukwa na vyoo vya majirani, kilishaacha kunywewa kitambo. Tukakiinulia ukingo na kukifunika, maji ya uani yasimwagikie ndani.

Nje ya ukuta mambo ni mengine, na huko fundi hafiki. Mitaro ya mtaa inayoteremkia kwenye hori la Tudor ina bwana wake, naye ni bahari. Bamvua ikikutana na mvua, midomo ya mitaro inazama, maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma. Wavuvi wanajua siku hizo kwa kuutazama mwezi; sijui kwa nini wanaosafisha mitaro hawawaulizi. Tena nyumba nyingi za eneo hili zilijengwa kwa desturi ya tangu ukoloni ambapo nyumba ni yako na ardhi ni ya mwingine. Mwenye ardhi hukusanya kodi ya ardhi, mwenye nyumba hukusanya kodi ya vyumba, na mtaro unaopita kati yao huwa hauna mwenyewe.

Kuziba njia ya maji Makupa tuna uzoefu nao. Kivuko cha Makupa kati ya kisiwa na bara, ambacho zamani watu walikivuka kwa miguu maji yakipwa na Wareno wakakiwekea vingome vidogo, kilijazwa mawe na kufanywa barabara mwaka 1929. Bahari ya upande wa Tudor ikatenganishwa na ya upande wa Port Reitz. Ilichukua zaidi ya miaka 90 hadi daraja la sasa, lenye mita 457, likafunguliwa mwaka 2022 na maji yakapita tena chini. Wahandisi walifika palepale fundi wetu alipofika kwa mpira wake: tafuta maji yalikuwa yakienda wapi kabla hujayazuia.

Wanaosema dimbwi ni usumbufu wa miguu tu waulize hospitali. Mombasa imekuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013, 2017 na 2021, na chikungunya mwishoni mwa 2017 ikaingia 2018. Mbu wa magonjwa haya anauma mchana na anazaa ndani ya maji yaliyotulia majumbani: kopo, gurudumu, tangi lisilofunikwa, gata lililolegea katikati likashika maji ya kikombe kimoja. Wiki moja na siku chache zinamtosha kutoka yai hadi bawa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero ambayo mwenye nyumba anaweza kuamriwa kuiondoa. Ni sheria ya mwaka 1921, na mbu hajaisoma. Basi gata likaguliwe kila mwezi kwa kumwagiwa kopo la maji: yakisimama, fundi arudi.

Kazi yote ilichukua siku sita, mbili kati yake zikiwa za kungoja kokoto. Mvua ya kwanza baada ya hapo ilinyesha usiku tena. Nilikuwa nimelala ukumbini kwa makusudi. Nilisikia gata likinguruma, kisha tangi likabadilisha sauti likijaa, kutoka ngoma tupu hadi mnong’ono. Asubuhi ua ulikuwa umelowa, mtaroni mna maji ya kufunika kidole, na kufikia saa tatu hata hayo hayakuwapo. Kijana wa mkokoteni alipopita, mama mkubwa alimpa chai badala ya pesa.

Mtaro wa kichochoro bado umeziba, kuanzia nyuma ya duka la mkaa hadi kwenye chemba ya pili, chupa za plastiki na nepi za watoto zimegandana. Ua wetu umekauka lakini watu wa nyumba tatu za chini yetu bado wanaruka matofali. Tumekubaliana mtaani kuuzibua Jumamosi kabla ya masika, baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yamepwa. Makoleo mawili yapo na karai tatu zipo. Mwenye sururu aje nayo.